Namna ya kupata sura ya mhusika wa kitabu cha watoto: tulivyomchora kima punju

Mwezi uliopita nilimsaidia mwalimu wa skuli ya maandalizi aliyeandika hadithi ya kima punju (kima mwenye mgongo mwekundu wa Unguja) mdogo mwenye choyo. Maneno yalikuwa tayari, ila hakujua kima wake afananeje. Tulikwenda hivi.

Hatua ya 1. Soma hadithi kwa sauti, andika pembeni kila anachofanya mhusika.

Hatua ya 2. Zima simu. Ukianza na katuni za mtandaoni utamchora kima wa mtu mwingine. Beba penseli ya 2B na daftari lisilo na mistari. Kifutio kiache nyumbani, kitakupotezea muda.

Hatua ya 3. Nenda ukamwone kwa macho yako. Hatua hii usiiruke. Mimi niliwahi kuchora kurasa 24 za kima punju nikiwa mezani, kashika ndizi mbivu, kidole gumba kimejitokeza. Mtoto mmoja wa kijiji cha Pete, karibu na msitu wanamoishi kima hao, akaniambia, "Mjomba, kima hana gumba." Kweli hana. Ana vidole vinne virefu, na hushika tawi kwa kulikunjia vidole kama ndoano. Na ndizi nayo ilikuwa kosa, kwa sababu tumbo lake ni la majani na matunda mabichi. Nilichora upya kila mkono, kurasa zote.

Kwa hiyo mimi na mwalimu tulikwenda msitu wa Jozani, Unguja, asubuhi. Kaa mbali nao, usiwape chakula. Robo saa ya kwanza usichore, tazama tu: uso mweusi, pua na midomo yenye waridi, manyoya meupe yaliyosimama kuzunguka uso, mgongo mwekundu. Kisha chora mikono peke yake, mara kumi au zaidi. Usitie kila ulichokiona kwenye mchoro. Chagua mambo matatu. Kama huwezi kufika alipo mnyama wako, tazama video, maana picha ya mnato haikuonyeshi anavyokaa wala anavyoruka.

Uliza pia anakula nini. Kima punju wa Unguja hula mkaa, unaomsaidia kukabili sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu. Mwalimu aliposikia hivyo alinyamaza, kisha akafuta ndizi kwenye hadithi yake. Kima wake sasa anaficha mkaa, anakana mbele ya wenzake, na midomo myeusi tii.

Hatua ya 4. Mjaze wino mweusi mwili mzima. Usipomtambua kwa kivuli chake, badilisha mkao.

Hatua ya 5. Nguo, mimi sipendi. Shati na suruali humfanya mtu mwenye mkia. Ikibidi, kipande cha kanga shingoni kinatosha.

Hatua ya 6. Waonyeshe watoto bila kuwasomea chochote, uwaulize huyu kafanya nini. Darasani kwa mwalimu, binti mdogo wa mstari wa mbele aligusa midomo ya yule kima kwenye karatasi, akapaza sauti: "Kala mkaa huyu, na hataki kusema!"