Jinsi ya kutumia nguvu ya sentrifugali bila kuharibu hesabu

Juzi nilikaa na mdogo wangu kwenye swali la gari linalokata kona na sentrifugali, ile nguvu unayohisi inakusukuma nje ya kona, nikakumbuka swali la namna hiyo lilivyonila jioni nzima, kila nikirudia jibu linatoka sifuri.

Hatua ya 1: Chora picha ya swali. Penseli na karatasi, siyo kwenye simu.

Hatua ya 2: Amua unaangalia ukiwa wapi. Shida yote iko hapa. Ukiwa umesimama kando ya barabara, abiria unayemwona mwili wake unataka kwenda mbele moja kwa moja, ila kiti na mlango vinamsukuma aingie kwenye kona, basi nguvu ya pembeni ni hiyo tu, inaelekea katikati, inaitwa sentripetali. Ya kumvuta nje haipo, usiichore. Ukihamia ndani ya gari, abiria huyohuyo ametulia tu kwenye kiti japo mlango unamsukuma, kwa hiyo ili hesabu ikubali unaongeza sentrifugali ya kwenda nje. Mimi nilikuwa kando ya barabara halafu nikachora zote mbili, zikafutana, na kitu ambacho nguvu zake zimefutana hakikati kona, kinanyoosha! Na hizo mbili siyo ile jozi ya sheria ya tatu ya Newton, maana jozi ile inagusa vitu viwili: mlango unamsukuma abiria, abiria anausukuma mlango. Kama bado una wasiwasi nenda mahali hakuna watu, zungusha kijiwe kwenye kamba juu ya kichwa kisha achia. Hakikimbii kutoka katikati kwenda nje, kinashika tanjenti, yaani kulekule kilikokuwa kinaelekea ulipoachia.

Hatua ya 3: Weka namba, mv²/r (m ni kilo za kitu, v ni spidi, r ni nusu kipenyo cha kona). Kilo 60, kona ya nusu kipenyo mita 50, spidi 54 km/h (ibadili kwanza iwe 15 m/s), unapata 270 N. Ukubwa ni uleule popote ulipo, kinachobadilika ni mwelekeo na jina.

Hatua ya 4: Ukipewa mizunguko kwa dakika tumia mω²r (ω ni kasi ya kuzunguka kwa radiani kwa sekunde, yaani mizunguko kwa dakika × 2π ÷ 60). Mashine ya kufulia yenye pipa la nusu kipenyo sm 25, mizunguko 1,200, inafika karibu mara 400 ya uzito wa nguo, ndo maana zinatoka karibu kavu.

Ila kitu kikiwa kinatembea ndani ya hicho kinachozunguka, na wewe umo humo humo, sentrifugali peke yake haitoshi, ongeza na nguvu ya Coriolis, ile inayoonekana kukipindisha kitu kinachotembea humo ndani.