Nipate ngapi kwenye UE? Kupiga hesabu ya GPA kabla ya pepa

Wiki mbili kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula) swali hili halikosi hosteli yoyote ya chuo Tanzania: nipate ngapi ili GPA, yaani wastani wa pointi zangu, isishuke? Wengi hujibiwa kwa kukisia, wakati hesabu yenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu. Chukua daftari, au fungua simu upande wa kikokotoo.

Anza na mipaka ya alama. Hapa tunatumia ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo vyuo vingi vinafanana nayo: A ni 70 kwenda juu (pointi 5), B+ 60 hadi 69 (4), B 50 hadi 59 (3), C 40 hadi 49 (2), D 35 hadi 39 (1), na chini ya hapo ni E, sifuri. Fani za afya zina mipaka yao, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo cha chuo chako kabla ya kuamini namba za rafiki wa chuo kingine. Madaraja ya shahada ni haya: la kwanza 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, pass 2.0 hadi 2.6.

Sasa krediti, yaani uzito wa kila kozi. Zidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, jumlisha zote, kisha gawanya kwa jumla ya krediti. Tuseme muhula una kozi sita. Nne ni za krediti 12, na umepata B, B, B+ na C: hizo ni 36, 36, 48 na 24. Ya krediti 8 umepata A (40), ya krediti 4 umepata A (20). Jumla ni 204, gawanya kwa 60, GPA ni 3.4.

Wanaokosea hujumlisha pointi 3, 3, 4, 2, 5 na 5, wakagawanya kwa sita na kupata 3.67, yaani 3.6 desimali ikikatwa. Wanajiona wako apa second (daraja la pili la juu), kumbe wako loa (la chini). Ndiyo maana A mbili za kozi ndogo haziwezi kubeba C ya kozi kubwa. Hiyo C ingekuwa B tu, jumla ingefika 216 na GPA ingekuwa 3.6 kweli.

Kingine cha kukumbuka: 60 na 69 zina pointi zilezile. (Katika vyuo vingi vya Kenya wanaopiga wastani wa alama zenyewe mambo ni tofauti, kule kila alama inahesabika.) Kwa hiyo usiulize tu "nitafaulu?", uliza umebakiza alama ngapi kufika mpaka unaofuata.

Kozi weki (alama za majaribio na kazi za muhula) ikiwa 40 na UE 60, toa kozi weki yako kwenye mpaka unaoutaka. Una 26? B+ inahitaji 34 kwenye UE, A inahitaji 44. Pepa ikiwa na maswali manne ya alama 15, 44 ni wastani wa 11 kila swali, na 34 ni nane na nusu. Mwenye 18 atahitaji 52 ili apate A, yaani 13 kila swali. Huyo aelekeze nguvu kwenye 32 ya B au 42 ya B+, na saa zinazobaki azipeleke kwenye kozi nyingine ya krediti 12 iliyo karibu na mpaka. Kutoka B kwenda B+ kunaongeza pointi 12, sawasawa na kutoka B+ kwenda A. Watu hung'ang'ania A moja ya fahari huku kozi mbili zikianguka kutoka B kwenda C, na hapo hasara ni mara mbili ya faida.

Kwa GPA ya jumla ya shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360, usifanye wastani wa GPA za mihula kama krediti za mihula hazilingani. Tumia pointi. Ili kumaliza na 3.5 unahitaji pointi 1,260. Mwenye 3.3 mwisho wa mwaka wa pili ana 792 kwa krediti 240. Amebakiza 468 kwa krediti 120: lazima mwaka wa mwisho apate 3.9. Lakini chungulia desimali zilizofichwa. Kama chuo hukata desimali bila kukadiria, 3.3 inaweza kuwa 3.38, yaani pointi 811, na hapo anahitaji takribani 3.75 tu. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayepanga ratiba.

First class inahitaji 1,584. Mwisho wa mwaka wa kwanza, aliye chini ya 3.2 haipati hata akipiga A tupu miaka miwili iliyobaki. Mwisho wa mwaka wa pili kizingiti ni 4.1. Mwaka wa kwanza ambao wengi huuchukulia kama wa kuzoea mazingira una krediti 120 zenye uzito uleule.

Krediti pia zinakupa ratiba. Moja ni saa 10 za kazi, mihadhara ikiwemo. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kwa wiki 15 ni saa 8 kwa wiki. Kama mihadhara na semina ni saa 4, zilizobaki 4 ni za kwako na kitabu.

Kwa kawaida sapu (mtihani wa kurudia kozi uliyofeli) haivuki C hata ukiandika pepa ya 80, kwa hiyo kwenye makadirio iwekee pointi 2. Na kozi weki ikibandikwa, linganisha kila namba na karatasi zako za majaribio siku hiyohiyo. Jaribio lililosahauliwa kuingizwa hurekebishwa kwa urahisi kabla ya UE. Baada ya matokeo kupitishwa, ni barua na kusubiri.