Kupitisha nyaya kwenye gridi bila kukatana, kwa njia fupi

Wakuu, somo hili ni la wanaochora bodi za sakiti, ila hata anayetengeneza mchezo wa kuunganisha nukta za rangi litamfaa. Tuna gridi na jozi za nukta. Kila jozi iunganishwe kwa njia fupi, na kisanduku kimoja kisipitiwe na njia mbili.

Hatua ya 1: Ziba nukta za jozi nyingine zote. Ukiruka hapa, waya wa A utapita juu ya nukta ya B, na utatafuta kosa usiku kucha.

Hatua ya 2: Sambaza wimbi. Ndiyo njia aliyoichapisha C. Y. Lee wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1961. Chanzo kipe 0, majirani wanne walio wazi wape 1, majirani wa hao 2, hivyo hivyo. Tumia foleni, yaani kisanduku kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kushughulikiwa. Wimbi likikwama kabla ya kufika, njia hakuna.

Hatua ya 3: Anzia mwisho, rudi kwa jirani mwenye namba pungufu kwa moja mpaka 0.

Hatua ya 4: Ziba njia hiyo, futa namba, shika jozi inayofuata.

Sasa utamu wenyewe. Chora gridi ya 5 kwa 5. A inatoka mstari wa 3 safu ya 1 kwenda mstari wa 3 safu ya 5. B inatoka mstari wa 2 safu ya 3 kwenda mstari wa 4 safu ya 3. Ukianza na A, inanyooka hatua 4 na kuigawa gridi vipande viwili; B imekwisha. Ukianza na B, inachukua hatua 2, na A inazunguka kwa hatua 8. Jumla 10, zote zimefika.

Maswali

*Mkuu, nina jozi 10. Nijaribu mipangilio yote?*
Ni mipangilio 3,628,800, na bado si dhamana, maana njia fupi zenye urefu sawa huwa kadhaa na uliyoichagua ndiyo inayoziba wenzake. Anza na jozi ambazo nukta zake mbili ziko karibu. Ikikwama moja, ng'oa waya unaoizuia, pitisha iliyokwama, kisha urudishe ule uliong'oa.

*Nikiruhusu mshazari je?*
Angalia sana. Katika visanduku vinne vilivyobanana, njia mbili zinaweza kukatana kama X bila kushiriki kisanduku hata kimoja. Kagua pia ule mshazari wa pili.

*Bodi yangu ina pande mbili.*
Kila kisanduku kinaongezewa jirani mmoja, wa upande wa pili. Ila kutoboa tundu ni gharama. Ukiipa uzito wa hatua 10, foleni ya kawaida haitoshi tena, tumia Dijkstra, njia inayoshughulikia kwanza kisanduku chenye jumla ndogo ya gharama.