Mbwa wa Kwanza wa Mkufunzi: Tafuta Mwizi wa Dagaa

Mbwa wangu wa kwanza wa kazi nilimnunua kwa macho. German Shepherd, mgongo mweusi, masikio yamesimama wima, na muuzaji ananiapia kwamba ana miezi minne na baba yake "ni wa polisi kabisa". Nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya kusafisha mabanda na kutembeza mbwa za watu Arusha, nikajiona nimeiva. Kumbe yule mbwa bodaboda ikipiga honi anajikojolea. Ukimpa nyama nje ya geti hali, macho yako barabarani tu. Nilihangaika naye miezi minane, na kila mteja aliyekuja kutazama kazi yangu aliaga kwa heshima na hakurudi. Mbwa hakuwa na kosa, mchaguzi ndiye alikuwa na kosa.

Wa pili nilimkuta Tengeru, nje kidogo ya Arusha, nyuma ya meza ya mama muuza dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Huyu mbwa ni wako?"

"Wangu wa wapi! Mwizi huyu. Nikigeuka tu kachota. Nikimrushia mwiko anakwenda mpaka pale kwenye nyanya, halafu huyo, karudi."

Anakwenda mpaka kwenye nyanya, halafu karudi. Mama alidhani anamsema vibaya, kumbe ananitajia sifa mbili ambazo ningezilipia: tamaa ya chakula, na moyo unaopoa haraka baada ya kushtuka. Hatua zinazofuata zote zinazunguka sifa hizo mbili.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla hujamwona mbwa

Chukua karatasi uandike mbwa huyu atakufanyia nini. Mkufunzi anayeanza anahitaji mbwa wa kujifunzia mkono wake mwenyewe, yaani kutoa tuzo kwa wakati, kushika kamba bila kuikaza, kunyamaza pale mdomo unapowasha. Baadaye mbwa huyo huyo ndiye utakayemwonyesha mteja. Na wateja wengi wa mjini hawaji kutafuta mbwa wa kung'ata. Wanakuja na malalamiko yale yale: ananirukia, ananivuta, akifunguliwa haji nikimwita, anambwekea mpaka fundi wa umeme. Mbwa wako anatakiwa awe mfano wa hayo.

Kama uko pwani, ongeza jambo la udenda. Nimefanya kazi Tanga kwa muda. Nyumba nyingi za Waislamu kule zinafuga mbwa wa ulinzi, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, kilichoguswa na udenda wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee wa nyumba atampenda mbwa wako vizuri tu, mradi ule ulimi usifike kwenye kanzu yake adhana ya magharibi ikiwa imekaribia. Mbwa wa kulambalamba kila mkono anafundishika kuacha, lakini kwa nini uanze safari na mlima?

Hatua ya 2: Chukua mwenye mwaka mmoja hadi miwili

Najua unataka mtoto. Kila mtu anataka mtoto. Ila mtoto wa mbwa ni bahati nasibu kwa mtu ambaye bado hajui kusoma mbwa. Kipindi chake kikubwa cha kuizoea dunia, yaani watu, pikipiki, watoto wa shule, mbuzi, mvua ya mabati, kinaanza kama wiki ya 3 na kinafifia karibu wiki ya 14. Aliyekimalizia ndani ya banda lenye giza atakuja kukulipisha baadaye, na wewe hutakuwa na uzoefu wa kumtengeneza. Mbwa wa mwaka na nusu ameshajionyesha alivyo.

Umri usiuulize mdomo wa muuzaji, uulize mdomo wa mbwa. Meno ya utotoni ni 28, membamba, makali kama sindano. Yanaanza kung'oka kwenye mwezi wa 4, na kufikia kama miezi 7 mbwa ana meno yake yote 42 ya ukubwani. Yule German Shepherd wangu wa "miezi minne" alikuwa na chonge za ukubwani tayari. Alikuwa amedumaa kwa njaa, na maisha yake yote aliyaishi bandani. Ningemfungua mdomo siku ile ningeokoa miezi minane.

Hatua ya 3: Punguza tamaa ya mbegu

German Shepherd ni mbwa mzuri. Mjerumani Max von Stephanitz alianza kuwaandikisha rasmi mwaka 1899 kama mbwa wa kuchunga, na akili ya kuchunga bado wanayo. Ila kwetu wengi wanazalishwa ovyo. Ukienda kumwona, simama nyuma yake akitembea, kisha mtazame akiinuka kutoka kulala. Akiyumba kiuno, au akiruka kwa miguu ya nyuma yote miwili kama sungura, nyonga zina mashaka.

Malinois, mbwa wa kuchunga wa Ubelgiji, watu wanamtaka kwa sababu wameona mbwa wa kunusa pembe za ndovu, kama wale wanaofundishwa Usa River. Wale wana watu wenye kazi hiyo tu kutwa nzima. Wewe ukimwacha Malinois nyumbani siku mbili bila kazi, atajitafutia mwenyewe, na kazi yenyewe itakuwa kochi. Boerboel wa Afrika Kusini anaweza kupita kilo 60. Akiamua kwenda, mnakwenda wote.

Ushauri wangu ni mbwa wa kienyeji au chotara. Jua letu analimudu, anakula ugali na dagaa, na wateja wako wengi wanafuga hao hao. Hapo pana faida ambayo sikuitegemea. Mteja akimwona mbwa wa mbegu analala chini kwa neno moja anasema, "Ndiyo, si wa kizungu huyo." Akimwona wa kienyeji anafanya hivyo anatulia kidogo, halafu anauliza, "Kwa hiyo hata Simba wetu anaweza?" Umeshapata kazi. (Kila mtaa una mbwa anaitwa Simba. Utawafundisha wengi.)

Hatua ya 4: Mjaribu, na umjaribu kwao

Nenda mara mbili kwa saa tofauti, ya pili bila kutoa taarifa. Beba kamba, kifuniko cha sufuria, dagaa wachache, na maini ya kuchemsha uliyokata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mwenyewe awepo amshike mbwa.

Anza na chakula. Mpe kipande cha ini ndani ya uzio. Kisha mtoke naye getini, hatua ishirini, umpe kingine. Hofu mara nyingi hufunga mdomo, hivyo anayekula nyumbani na kugoma barabarani anakwambia kitu. Anayenyakua mpaka anakupata kidole asikutishe. Adabu ya mdomo inafundishika. Hamu ya kula ndiyo huwezi kuipandikiza. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), shirika la APOPO wanafundisha panya kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mdogo wa "klik" unaofuatwa na chakula, basi. Ukipata mnyama anayetaka ulichonacho mkononi, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa kifuniko. Simama hatua tano kutoka kwake, kiangushe kwenye sakafu ya saruji, upande wako, usimtupie. Weka dagaa mmoja kando ya kifuniko. Usimwite, usimbembeleze, hesabu tu kimoyomoyo. Kila mbwa atashtuka; tunaangalia kurudi. Yule wa Tengeru aliruka nyuma, akafyata mkia, akajibanza nyuma ya jiko la mkaa. Moja, mbili, tatu. Kwenye saba shingo ikatangulia, miguu ya nyuma ikabaki mbali imejiandaa kukimbia. Akanusa ukingo wa kifuniko, akapiga chafya, akala dagaa, na mkia ukapanda taratibu. Mama akacheka: "Umeona? Hana haya huyo!" Mbwa ambaye dakika nzima imepita hajasogea, au anakivamia kifuniko kwa meno, mwache kwa mtu mzoefu.

Halafu mlete mgeni, ikiwezekana mwenye kofia au mwavuli. Wanaoanza wanamwogopa anayebweka. Mimi namwogopa anayenyamaza ghafla: mwili umekakamaa, mdomo umefungwa, macho hayabanduki kwa mgeni. Anayebweka huku anasogea na kurudi anajadiliana na nafsi yake; yule mwingine ameshaamua.

Mguse masikio, shingo na makucha, sekunde chache kila sehemu. Akikakamaa au akionyesha weupe wa jicho, acha hapo hapo. Mwisho mfungeni kwenye mti, muondoke wote wawili dakika mbili. Kulia kidogo ni sawa, kutafuna kamba kwa hofu si sawa.

Muuzaji akisema "subiri nikuonyeshe ukali wake", akachukua fimbo, wewe aga.

Hatua ya 5: Afya

Hapa sitakaa sana, bwana mifugo ataimaliza. Mambo matatu tu ufanye mwenyewe. Kwanza, omba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama haipo, mhesabu kuwa hajachanjwa, achanjwe kabla hujamchukua. Akikung'ata au kukukwaruza wakati wa majaribio, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Kichaa dalili zikishatoka hakuna dawa. Pili, mwinue mdomo ubonyeze ufizi kwa kidole. Ukiachia, rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe kwa mbwa mwenye kupe, fikiria homa ya kupe na upungufu wa damu. Tatu, uliza kama kuna mtoto wa mbwa aliyekufa kwa kuharisha damu kwenye uwanja ule, maana virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi.

Hatua ya 6: Wiki mbili za majaribio, kwa maandishi

Kubaliana na mwenyewe kwamba ndani ya siku 14 unaweza kumrudisha. Andikeni karatasi, mjumbe asaini. Utaona kama unatia chumvi, lakini mbwa akikataa kula siku ya tisa, ile karatasi ndiyo itakayozungumza.

Siku tatu za mwanzo usimfundishe kitu. Ale, alale, ajue maji yako wapi. Siku ya nne anza somo moja tu, "gusa": nyoosha kiganja, pua ikigusa sema "ee" na utoe ini. Mara kumi, mwisho wa somo. Andika kwenye daftari mahali, saa, na amepata ngapi kati ya kumi. Akifika nane, hama. Uani, getini, barabarani, kijiwe cha bodaboda. Mahali papya alama zitashuka, usipaniki, zitazame zinavyopanda. Kipimo changu ni kwamba siku ya 14, mita kumi kutoka kijiweni, apate walau saba. Chini ya nne, mrudishe kwa shukrani. Katikati, omba wiki moja zaidi.

Yule wa Tengeru alipata nane siku ya tisa. Mbili alizokosa, alipita mama na ndoo ya samaki kichwani, na hapo hata mimi nisingesikia.

Suala la jina: chagua fupi, lisilofanana na amri zako. Mimi nilianza kumwita Mwizi, kwa mapenzi tu. Siku ya kwanza akakata kamba karibu na stendi, nikamkimbilia huku napaza sauti, "Mwizi! Mwizi!" Vijana wanne waliinuka na mawe kabla sijamaliza sentensi. Jioni ile ile akawa Dagaa.