Kutambua chungu wa Dar hadi jenasi: anza na kiuno

Majina ya mtaani hayakufikishi mbali. Majimoto ni spishi moja, Oecophylla longinoda, yule anayeshona majani ya mwembe. Siafu ni jenasi nzima (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Dorylus. Lakini "sisimizi" anaweza kuwa Pheidole, Monomorium au Tetramorium. Mchwa si chungu kabisa.

1. Kukusanya

Chukua 10 hadi 15 wa kiota kimoja, wakubwa kwa wadogo, kichupa kimoja. Pheidole wana wafanyakazi wa kawaida na wengine wenye vichwa vikubwa. Ukiwatenganisha, utaandika spishi mbili. Tumia ethanoli ya asilimia 70: mililita 100 za asilimia 95 kwa 36 za maji. Spiriti yenye rangi iache. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya kichupa, kwani wino wa kalamu huyeyuka.

2. Kiuno

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Weka mchanga mweupe laini wa ufukweni, uliosuuzwa vizuri, kwenye kisahani cha kioo. Mimina ethanoli ifunike mchanga, kisha mlaze chungu ubavu na umkandamize kidogo kwa kibano. Mchanga unamshika, hazunguki. Taa izibwe kwa karatasi nyembamba nyeupe, la sivyo mng'ao wa gamba unafuta mafundo yote ya kiuno. Hadubini ya macho mawili ndiyo kifaa cha kazi hii; lenzi za kubandika kwenye simu hazifai kwa mdudu wa milimita 2.

Sasa hesabu mafundo kati ya kifua na tumbo. Mawili: mara nyingi ni nusufamilia (kundi kubwa la jenasi) ya Myrmicinae. Moja: Formicinae, Dolichoderinae, Ponerinae au siafu.

Mitego ni mitatu. Tapinoma ana fundo bapa lililofunikwa na tumbo, utadhani hana. Mwinue tumbo kwa ncha ya pini. Ponerinae wengi wana mbano baada ya pingili ya kwanza ya tumbo, na mtu huihesabu pingili hiyo kama fundo la pili. Ikiwa na upana karibu sawa na pingili inayofuata, ni tumbo. Crematogaster ana mafundo mawili, ila la pili limeshikana na tumbo kwa juu. Tumbo lake lina umbo la moyo, na akichokozwa hulibinua juu ya mgongo.

Mwenye fundo moja mtazame ncha ya tumbo. Kitundu cha mviringo, mara nyingi kimezungukwa na vinyweleo: Formicinae, kama Camponotus. Mwanya mlalo bila mwiba: Dolichoderinae. Mwiba: Ponerinae. Hana macho kabisa: mara nyingi ni Dorylus.

3. Papasi (vipapasio vya kichwani)

Hesabu pingili kutoka nchani, mara mbili, papasi zote mbili, kwani moja huwa imekatika. Pheidole wa kwetu kwa kawaida wana 12, tatu za mwisho zikiwa rungu. Crematogaster kwa kawaida 11. Rangi usiitegemee: chungu aliyetoka hatua ya pupa karibuni huwa mweupe-mweupe hata kama wenzake ni weusi.

4. Jina

Linganisha na picha za AntWeb, tovuti ya picha za chungu: kichwa, ubavu, mgongo. Zisipolingana zote tatu, andika kwa mfano "Pheidole sp. 1" (spishi ya kwanza isiyo na jina bado) na uhifadhi kichupa.