Mashua kuukuu ya mashindano: nini cha kubadilisha, nini cha kuacha

Msimu wa mashindano ukikaribia hapa Lamu, ya Maulidi au ya mwaka mpya kule Shela, hunijia vijana waliochanga pesa wakanunua mashua kuukuu. Karibu wote huja na ombi lilelile: mlingoti mrefu zaidi, foromali (mti wa juu unaobeba tanga) ndefu zaidi, tanga kubwa zaidi. Mimi ni nahodha, na vyombo hivi nimevishika tangu utotoni. Huwaambia: punguzeni kwanza, kuongeza baadaye, na kabla ya yote mjue kama chombo ni kizima.

Uzima wake utaujua hivi. Ipandishe pwani maji ya bamvua, yanapojaa kupita kawaida, itie gadi (miti ya kuiegemeza) pande zote mbili, kisha uiache ikauke. Vuta uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) kando ya mkuku, ule mti wa chini unaobeba mwili wote wa chombo. Ukiona mkuku umebenuka katikati na ncha zimeshuka, chombo kimelegea, na hakuna tanga litakalokirudishia nguvu. Halafu ng'oa misumari miwili mitatu kwenye taruma (mbavu za chombo) za karibu na mlingoti. Fundi aliifunga pamba yenye mafuta alipoipigilia, lakini chumvi haichoki. Msumari ukitoka umekonda katikati kama kiuno cha nyigu, jua wenzake nao ndivyo walivyo. Choma kisu kwenye mbao za chini zinazopakana na mkuku. Kikizama bila kusukumwa, mbao hiyo imeoza. Mashua yenye mambo haya matatu kwa pamoja iachieni kazi nyepesi, na pesa zenu mpeleke kwa fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo hapa Lamu, awaanzishie mkuku mpya.

Ikiwa ni nzima, anza na uzito, maana hapo ndipo penye faida kubwa na gharama ndogo. Mashua yenye urefu wa mita 8 majini na upana wa mita 2 huzama kiasi cha sentimita 1 kwa kila kilo 100 unazoipakia. Vyombo vya kazi hubeba miaka mingi ya mizigo iliyosahauliwa: mbao zilizobandikwa juu ya mbao, nanga ya akiba, mchanga uliojificha kati ya taruma, na mara nyingi saruji iliyomwagwa kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo) kuziba uvujaji. Ndoo moja ya lita 20 ya saruji iliyoganda hupita kilo 40. Itoe, kisha uzibe ule uvujaji kwa kalafati, pamba inayoshindiliwa kati ya mbao, kama inavyostahili. Taruma usiipunguze hata moja. Nimewasikia watu wakisema taruma tatu zikitolewa chombo kitakuwa chepesi. Kitakuwa chepesi, na mawimbi ya mlango wa bahari yatakifumua.

Tumbo la chini nalo lina kasi yake. Kwangua chaza na majani yote, pitisha moto wa makuti kuua minyoo inayotoboa mbao, sugua mpaka kiganja kiteleze, ndipo upake deheni ya shahamu na chokaa. Fanya hivyo karibu na siku ya mashindano, kwani majani huanza kuota tena upesi.

Sasa tanga. Tanga la pamba lililozeeka huvutika, tumbo lake likawa kubwa na kurudi nyuma, na chombo kikashindwa kwenda joshi, yaani upande unakotoka upepo. Tanga jipya la kipimo kilekile, lililokatwa na mshoni anayejua mashindano, litakupa zaidi kuliko tanga kuukuu lililoongezwa vipande. Ukilitanua upande wa nyuma, mashua itapenda kugeukia upepo kila wakati, na mshika kana (mpini wa usukani) atashindana na usukani njia nzima. Usukani uliopindishwa hivyo ni breki. Mashua ikiwa tayari na tabia hiyo, usihamishe mlingoti. Badilisha kabari pale unapopita, uulaze mbele kidogo, ujaribu tena.

Mlingoti mrefu ndio unaonitia hofu. Upepo ukipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 30, nguvu yake kwenye tanga huzidi mara mbili na robo. Nguvu hiyo yote hushuka kwenye mwashiri, lile gogo linaloshika mguu wa mlingoti, na kutoka hapo kwenye mkuku na misumari ileile uliyoikagua. Anayetaka kwenda juu lazima kwanza aimarishe chini, na uimarishaji ni uzito. Hesabu hiyo ifanyeni kwa fundi, kabla hamjanunua mti.

Kuna na wanaotaka kukata tezi na kuongeza urefu. Chombo cha aina hii kina mwendo wake wa juu, unaotokana na urefu ulioko majini: chukua kipeuo cha pili cha mita hizo, uzidishe kwa 4.5, utapata kilomita kwa saa. Mita 8 hutoa kama 12.7, mita 9 hutoa 13.5. Yaani utavunja chombo na kukiunda upya kwa ajili ya chini ya kilomita moja, tena siku ya upepo mkali tu. Na huenda kamati ikakuhesabu katika kundi la vyombo vikubwa.

Muda huo utumieni kufanya mazoezi ya kugeuza chombo kwenye boya. Kugeuza ni kusimamisha foromali wima, kuipitisha mbele ya mlingoti na kulifungua tanga upande wa pili, huku magunia ya mchanga na watu wakihamia joshi. Mabaharia waliozoeana humaliza hayo wakati wageni bado wanatafuta kamba. Mkondo wa mlango kati ya Lamu na Manda nao ujifunzeni, maji yakijaa na yakipwa.

Badilisheni jambo moja kwa wakati. Tafuteni mashua ya jirani iliyo sawa na yenu na haijaguswa, mwende nayo sambamba kwenye upepo uleule, kisha manahodha wabadilishane vyombo mrudie. Ikiwa yenu bado iko mbele akiishika mwenzenu, badiliko lina faida, endeleeni na la pili. Ikiwa haiko mbele, rudisheni kama ilivyokuwa. Na kwa kuwa ilikaa pwani ikikauka, ishusheni majini siku kadhaa kabla ya mbio, mbao zifure na viungo vifunge.