Bei ikipanda ghafla kwenye mgahawa wako, rudi saa kumi
Kama una mgahawa wako wa kila siku, iwe Majengo au Area C hapa Dodoma, na bei imepanda bila taarifa, hasira usimmalizie dada anayehudumia. Bei hapangi yeye. Lipa, kisha rudi saa kumi hivi, wateja wa mchana wakishapungua, umwombe mwenye mgahawa muongee pembeni.

Mimi nilikula ugali, mlenda na kuku wa kienyeji, nikadaiwa elfu nane huku ubaoni chaki bado inasoma elfu sita. Niliporudi nilianza na shikamoo, nikamwambia, "Mama, chakula chako nakipenda sana, ila ungeniambia kabla sijanawa." Mkaa na mafuta ya alizeti hata mimi nanunua, kwa hiyo kupanda naelewa kabisa. Kilichoniuma ni kushtukizwa wakati wa kulipa. Akachukua kitambaa akafuta ubao palepale, akanieleza kuwa nusu sahani ipo kwa elfu nne. Nisingerudi nisingejua.

Risiti nayo uidai kila mara. Bila hiyo, mkibishana ulilipa ngapi wiki iliyopita, huna cha kuonyesha.